Madera Matatu na Meza ya Mama

Kama umewahi kuegemea kaunta ya jiwe katika nyumba ya mtu wa kwetu, kuanzia Mansfield, huku Texas ninakoishi, mpaka kusini mwa Houston, ukakatia vitunguu juu yake, ukamwagia chai, ukagombana na mumeo huku unaigonga kwa kiganja, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba uliigonga kazi yangu. Sisemi hivi kwa kujisifu. Au tuseme ni kwa kujisifu, lakini kwa kiasi. Kujisifu nako ni kazi, na mimi kazi sijawahi kuikimbia.

Shule niliishia darasa la saba, huko Tanga, na nadhani mwalimu alifurahi kuliko mimi. Nilipofika nchi hii nilisukuma mizigo uwanja wa ndege, nikiishi Irving na wanaume wenzangu katika chumba ambacho ukijinyoosha usingizini unamwamsha mwenzako. Kisha nikapata kibarua cha kuosha tope katika karakana ya mawe. Tope la mawe ni jeupe, linakuingia mpaka kwenye nyusi, mke wangu, ambaye kufikia hapo alikuwa amenifuata huku, alikuwa akinifungulia mlango anasema, "Karibu, babu." Kutoka kwenye tope nikaenda kwenye msumeno, kutoka kwenye msumeno nikaenda kupima, na nilipofika kwenye kupima nikajua nimefika. Kukata jiwe anaweza yeyote mwenye mashine. Kupima ndiko kunakomtenga fundi na mtu mwenye msumeno. Leo karakana ni yangu, na magari mawili yana jina langu ubavuni kwa herufi ambazo unaweza kuzisoma ukiwa ng'ambo ya barabara kuu.

Sasa watu wanadhani kupima ni kusoma namba. Nawaonea huruma.

Bafuni kwangu kuna mizani. Ipande mara tano asubuhi moja, itakupa namba ileile mara zote tano, haiyumbi wala haibabaiki. Mke wangu anaipenda kuliko anavyonipenda mimi. Ubaya wake ni kwamba inapunguza. Kila anayeipanda inamkata ratili zilezile, kama mwenye duka anayempendelea kila mteja. Mke wangu akienda hospitali akapimwa kule, anarudi amenuna, anasema siku hizi hospitali hazitengenezi vyombo vyao. Mizani ya namna hiyo mimi nasema ina msimamo lakini haina ukweli. Marehemu baba yangu alikuwa kinyume chake. Alikuwa anakisia gunia la mahindi kwa kulinyanyua tu. Leo atazidisha, kesho atapunguza, lakini ukichukua makisio yake ya msimu mzima ukayachanganya, unaangukia palepale penye ukweli. Yeye ukweli alikuwa nao, msimamo hakuwa nao. Mimi, Mungu anisamehe, nina vyote viwili.

Halafu kuna kitu nakiita ruhusa. Ruhusa ni kiasi unachoweza kukosea kabla mtu hajaumia. Hakuna kitu duniani kilichokatwa sawa kabisa. Anayekwambia kipo ana kitu anataka kukuuzia. Kati ya jiwe na ukuta mimi naacha nafasi ya thumuni ya inchi, sehemu moja ya nane, kwa makusudi, halafu naiziba kwa gundi. Udongo wa huku Texas ukinyeshewa unavimba, jua likiwaka unasinyaa, na nyumba inapanda na kushuka juu yake kama mtu anayepumua. Fundi asipoiachia nyumba ruhusa, nyumba inajichukulia yenyewe, kwa kukupasulia jiwe.

Mwenzangu wa kazi, Mkongo kutoka Bukavu, mtu mwenye mikono kama koleo na mdomo usiofungwa, siku yake ya kwanza kwangu nilimkuta amelaza futi yangu ya chuma, ile ya kuvuta, juu ya meza anaigonga kwa nyundo ile ndoano ya kwenye ncha. "Patron, ilikuwa inacheza. Nimeitengeneza." Nilitaka kulia. Ile ndoano inatakiwa icheze! Inacheza kwa unene wake yenyewe, wala haizidi hapo, ili ukiivuta ukingoni au ukiisukuma ukutani, namba iwe ya kweli kote kuwili. Alikuwa ameiua. "Basi umeandika wapi kwamba inapaswa kucheza?" akaniuliza. "Kwenye kichwa changu," nikamwambia. "Ah," akasema, "maktaba ile iko ferme, imefungwa."

Nimeeleza yote haya ili mjue mtu aliyepimiwa meza na mimi kapimiwa na nani.

Basi nikapigiwa simu na dada mmoja wa Pearland, jirani na Houston. Mzaliwa wa Mombasa, muuguzi katika zile hospitali kubwa za Houston, mume dereva wa malori ambaye wiki nzima yuko barabarani. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kutoa maagizo watu wakiwa wamelala chali.

"Kaka fundi, nataka meza."

"Mimi naweka kaunta, dada."

"Kaunta ninayo. Kaunta ndiyo iliyomfukuza mama yangu."

Akanisimulia. Mama yake alikuja kumtembelea, akae miezi sita. Alikaa wiki tatu. Hakugombana na mtu. Kila kitu alikisifu: kapeti nzuri, maji ya moto mazuri, friji kama kabati la bibi harusi. Lakini mama huyo ni mfupi, na ni mtu wa kukanda. Kwake siku isiyokandwa unga haijaanza. Ile kaunta ya jikoni ilimfika kwenye viwiko. Akawa anakanda mabega yakiwa masikioni. Akatafutiwa kigoda cha plastiki cha watoto, akateleza, Mungu akasaidia akashika friji. Dada akakitupa kigoda siku ileile. Baada ya hapo mama akawa anakaa sebuleni na mkoba wake mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari, na siku moja akasema kwa upole, "Mwanangu, nyumba yako nzuri. Nitafutie ndege."

"Sasa anarudi baada ya Idi," dada akaniambia. "Baba amekufa. Mama anaishi peke yake, na presha anayo. Mimi ni mtoto wake wa pekee. Akirudi Mombasa mara hii, kaka, simwoni tena. Akianguka kule nitaambiwa kwa simu."

Nikamwambia nakuja. Mansfield mpaka Pearland ni safari ya asubuhi nzima, na kwa meza moja fundi wa kawaida angeuliza maswali. Mimi si fundi wa kawaida.

Nilipofika niliona pahali pake mara moja, chini ya dirisha la jikoni, panapoingia jua na kuonekana ua wa nyuma. Meza ya miguu minne ya mbao, juu yake jiwe jeupe lililolala laini, lisiloshika unga. Nikamweleza kanuni: meza ya kukandia hukaa chini ya kiwiko kwa upana wa kiganja na ushei, ili uzito wa mwili ushuke na mikono. Kwa hiyo nilihitaji kitu kimoja tu, kiwiko cha mama kiko umbali gani kutoka sakafuni.

"Hilo dogo," akasema, akapiga simu Mombasa, akaweka sauti wazi.

"Mama, simama wima ukutani, jirani aje na utepe akupime kutoka sakafuni mpaka kwenye kiwiko."

Nilidhani mtandao umekatika.

"Nipimwe?"

"Kidogo tu, mama."

"Nipimwe kutoka sakafuni kwenda juu. Kwani nimekufa mimi?"

"Mama, si hivyo..."

"Mtu hupimwa hivyo mara moja, mwanangu, na siku hiyo hasimami, amelazwa. Baba yako nilimwona akipimwa kwa kamba, na kamba ileile ikaenda makaburini. Wewe huko Amerika wanitafutia kamba?"

"Astaghfirullah, mama!"

"Astaghfiru wewe. Mimi naja kwako mzima, na nguo zangu."

"Mbona fundi wa nguo anakupima?"

"Fundi wa nguo apima nguo. Hanipimi mimi. Salimia watu." Akakata.

Dada akanitazama kwa aibu. Mimi sikucheka. Bibi yangu mzaa mama alikuwa vilevile. Ukipita nyuma yake na futi alikuwa anageuka na kukuuliza una haraka ya nini. Kwetu urefu wa mtu mzima ni siri yake na mchimba kaburi. Nikakaa kwenye kiti kirefu cha kaunta, nikafikiri, na hapo ndipo akili zangu za Tanga zilipofanya kazi.

"Dada, kasema fundi wa nguo anapima nguo. Basi na tupime nguo."

Akapiga kelele ya furaha. Nambari ya fundi wa mama alikuwa nayo. Kesho yake tukapata ujumbe wa sauti, cherehani ikinguruma nyuma: "Dada yangu, huyu mama nimemshonea madera matatu ya Idi, bado yako hapa yanasubiri pasi. Nimeyapima yote, bega mpaka upindo. Yote sawa, uzi kwa uzi. Na mkono wake, bega mpaka kiwiko, ninao tangu gauni la harusi ya binamu yako. Mimi sikosei." Kisha akataja vipimo.

Uzi kwa uzi! Madera matatu, namba moja. Nilimpenda fundi yule bila kumwona. Nikachukua bega mpaka upindo, nikatoa bega mpaka kiwiko, nikapata kiwiko mpaka chini. Hesabu ya darasa la tatu.

Dada peke yake ndiye aliyesita. "Kaka, kwetu kazini dawa nyingine hatumpi mgonjwa mpaka wauguzi wawili waipime, kila mtu kivyake, hatuangaliani. Ndipo tuna-compare."

"Wewe una wawili," nikamwambia. "Mimi nina mashahidi watatu."

Nikakata jiwe lile mwenyewe. Sikumwachia Mkongo hata kushika bomba la maji. Nilikata miguu ya meza ikawa sawa kiasi kwamba kati ya mmoja na mwenzake hupitishi karatasi. Tulipoiweka Pearland nikapiga mwali wa leza kutoka ukuta hadi ukuta. Ile taa nyekundu ililala juu ya jiwe kama imechorwa. Robo ya thumuni ya inchi, hilo ndilo kosa kubwa ambalo ningekubali, na sikulifikia. Mkongo akaizunguka akitafuta cha kusema, akakosa, akasema, "Iko muzuri, lakini nyeupe sana."

Mama akaja. Dada akaniambia siku ya chapati za kwanza, nami nikasema nitapita kuangalia kama gundi imekauka. Gundi hukauka siku moja. Nilikwenda kusifiwa.

Tulimkuta sebuleni, mimi na Mkongo, tumevaa mashati safi. Mama mdogo, mnene kidogo, amekaa imara kama kinu, ndani ya dera la zambarau lenye maua ya njano.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye fundi? Watoka wapi?"

"Tanga, mama."

"Aa. Jirani. Watu wa Tanga waongo, lakini kupika wajua." Akamgeukia Mkongo. "Na huyu?"

"Congo, mama mukubwa."

"Huyo mbona ana adabu?"

Tukaingia jikoni nyuma yake, dera likimfuata sakafuni taratibu kama maji. Akasimama mbele ya meza, akapitisha kiganja juu ya jiwe. "Maashallah. Yang'aa." Dada akanitazama, machozi yako karibu, nami nikainamisha kichwa kidogo, kama watu wakubwa wanavyofanya wakishukuriwa. Unga ukamwagwa, maji ya vuguvugu, chumvi, mafuta. Mama akaanza kukanda.

Akakanda kidogo, akasimama. Akapanguza paji kwa mgongo wa mkono. Akakanda tena, na hapo nikaona mabega. Yalikuwa yanapanda. Kila akisukuma, visigino navyo vilikuwa vinanyanyuka, najua hivyo kwa sababu mwili mzima ulikuwa unaenda juu badala ya kwenda mbele.

Mama akaacha. Akauweka unga kwenye sinia, bila haraka, akatazama sakafu kama mtu anayechagua kiti.

"Nzuri sana meza yako, mwanangu," akasema. "Nitaiwekea maua."

Nimewahi kutukanwa na wateja kwa lugha ambazo sizijui, lakini hakuna tusi lililowahi kunipata kama maua yale.

"Mama," dada akasema, sauti imeshuka, "tiketi yako ni ya miezi sita."

"Inshallah. Lakini tiketi hubadilishwa, si ndiyo?"

Dada aligeukia sinki akafungua maji, akawa anaosha kikombe kilichokuwa safi. Mimi nilikuwa nimesimama na kile kichwa changu kilichoinama, sasa nimeshindwa kukiinua. Nikawa napiga hesabu upya: bega, upindo, kiwiko. Ilikuwa sahihi. Nikapiga tena. Sahihi. Namba yangu ilikuwa na msimamo kama mnara wa simu.

Mama akataka kukaa chini. Kabla hajakaa akafanya kile ambacho kila mwanamke wa pwani hufanya bila kufikiri: alilishika dera kiunoni kwa mikono miwili, akalivuta juu, akalisokomeza kwenye kanga aliyojifunga ndani. Kitambaa kikanyanyuka sakafuni. Kikaendelea kunyanyuka. Nikaona, kwa mara ya kwanza tangu niingie nyumba ile, miguu ya mama.

Mkongo naye aliona. Akanisogelea sikioni, na kunong'ona kwa Mkongo kunasikika mpaka kwa jirani. "Patron. Ile robe iko murefu kupita mama mwenyewe."

Dada akafunga maji.

"Mama," nikasema, "samahani. Hili ni moja ya yale madera ya Idi?"

"Ndilo. Na mengine mawili kama hili."

"Na yote yanaburura hivi?"

"Dera lisiloburura ni sare ya shule," akasema mama. Kisha akatutazama, mmoja mmoja, kama mwalimu mkuu anayenusa sigara. "Mwaniulizia dera langu kwa nini?"

Dada akajaribu kuongea, akacheka kwa hofu, akajaribu tena. "Mama, ulikataa kupimwa. Tukamwuliza fundi wako urefu wa madera."

Mama akaitazama meza, kisha dera lake, nami nikaanza kutafuta mlango kwa macho.

"Kwa hiyo meza hii," akasema akiigusa kwa kidole, "mmelipimia dera."

"Ndiyo, mama."

"Basi dera na likande chapati."

Akacheka yeye mwenyewe kwanza, kicheko kilichomtingisha mpaka akashika ukingo wa jiwe langu, na Mkongo akapokea, na dada akajiinamia akishika magoti. Mimi nilicheka mwisho, na kwa kiasi. Lazima nieleze hapa, kwa haki, kwamba kosa lilikuwa la dera: kitambaa cha kuburura kilijihesabia kama mwili wa mama, kiwiko kikapanda, na meza ikapanda nacho. Fundi wa nguo alisema kweli, futi ilisema kweli, mimi nilitoa na kujumlisha kweli. Lakini yale madera matatu niliyoyaita mashahidi yalikatwa kwa kielelezo kimoja, na mkono mmoja, siku moja. Mashahidi watatu waliolala kitanda kimoja wakisema neno moja, hakimu mwenye akili anahesabu shahidi mmoja. Yangekuwa madera mia, yangekubaliana yote mia, na yote yangeburura. Wauguzi wa dada wanapima dawa kila mtu kivyake kwa sababu hiyohiyo. Nilikuwa nimeambiwa, nami nilikuwa nasikiliza cherehani.

Lakini kicheko kikiisha, mtu anarudi alipokuwa. Mama alikuwa ametandika mkeka, amekaa, sinia mbele yake, akikunja unga kwa heshima ya mgeni. Dada alikuwa anamtazama kama unavyomtazama mtu aliye upande wa pili wa kioo cha uwanja wa ndege.

Nikamwambia Mkongo alete mbao kutoka garini, vile vipande vipana vya plaiwudi tunavyowekea chini ya mawe, vya nusu inchi.

"Mama," nikasema, nikipiga goti pembeni ya mkeka, "sikupimi. Sina futi mkononi, tazama. Nataka usimame kwa miguu yako mwenyewe, ukande, unitukane ukipenda. Mimi nitaweka ubao chini yako. Ubao ukipanda, ni kama meza imeshuka. Ukiona sawa, sema."

Akafikiri. "Na kamba?"

"Hakuna kamba."

"Haya, nishike mkono. Tanga na uongo wenu."

Dada akamshika kwapani upande mmoja, mimi nikaweka ubao wa kwanza, mpana kama zulia la mlangoni, haukuwa na hatari. Akakanda. "Bado." Nikaweka wa pili. "Bado, mabega yawaka." Wa tatu akaguna. Wa nne akasema afadhali, kisha akaanza kumwuliza dada kama anamkumbuka yule jirani wa nyumba ya kona, mwenye mabinti. Dada akasema anamkumbuka. Nikaweka wa tano, na mama akawa anaeleza kwamba binti mdogo wa yule jirani ameposwa na mtu wa Lamu, na posa ilikuja na mashaka, na shangazi yake akasema neno mbele za watu. Nikaweka wa sita. Hata hakuona nimeweka. Ule unga ulikuwa unakwenda na kurudi chini ya viganja vyake kama mawimbi, mabega yametulia, uzito wote unashuka pale unapotakiwa. Nikaweka wa saba.

"Hapo mwanivunja mgongo," akasema, na akaendelea na shangazi.

Nikautoa. Mkongo akanikonyeza: wa tano au wa sita? Nikamwambia katikati. Ukishaujua mpaka wa juu na mpaka wa chini wa ruhusa ya mtu, unalenga katikati, ili akivaa kandambili nene leo na kesho akakaa pekupeku, meza bado iwe yake. Na hapo nilikiri moyoni jambo moja, nalo nalisema kwa sababu linanipa sifa: ile robo ya thumuni yangu, ile leza, ile karatasi isiyopita, mama hakuwa na haja nayo. Ruhusa yake ilikuwa nusu inchi nzima na kitu. Alichohitaji ni namba ya kweli iliyokatwa kwa mkono wa kawaida. Mimi nilimpa namba ya uongo iliyokatwa kwa mkono wa malaika.

"Dawa ya moyo hatuna ruhusa hiyo," dada akasema nilipomweleza.

"Jiwe kwenye sinki pia hatuna," nikasema. "Kila kitu na mwenyewe. Chapati ina huruma."

Mama akaufunika unga kwa kitambaa kibichi. "Na ulale sasa," akasema. Hilo ndilo lililotupa muda. Unga ukiwa umelala, tulikata gundi ya ukutani kwa kisu, tukalinyanyua jiwe mimi na Mkongo, tukalilaza juu ya mablanketi, tukaitoa meza nje uani, nami nikapunguza miguu yote minne kwenye nyasi za Pearland, vumbi la mbao likiruka juu ya shati langu la kusifiwa. Mama alikuwa dirishani anatusimamia.

"Usikate vidole, Tanga."

"Sikati, mama."

"Congo, mwangalie."

"Ninamuangalia, mama. Kila siku ninamuangalia."

Tukairudisha, tukaweka jiwe, nikapaka gundi mpya. Ukutani palibaki mstari mwembamba ulipokuwa ukingo wa zamani. Nilimwambia dada nitakuja kuupaka rangi, akasema niuache. Mama akasimama sakafuni, juu ya miguu yake, akaufunua unga, akautupa juu ya jiwe. Akaanza kukata vidonge. Hakusema nzuri, hakusema yang'aa. Alisema jua la dirisha linamwingia machoni, mbona hamna pazia, na hii nyumba nani aliweka makopo ya viungo juu kule kama tunayaficha wezi wasiyaone, na kisukumio hiki chepesi kama cha kuchezea, nitaagiza changu.

Dada alikuwa ameegemea friji, anasikiliza zile lawama zikimwagika, na uso wake sijui niuelezeje. Kama mtu anayesikia mvua juu ya bati baada ya kiangazi.

Tukala. Chapati zilikuwa na matabaka unaweza kuyahesabu. Mkongo alijaribu, akashindwa kwa sababu alikuwa anayala. Tulipoaga, mama alitufungia nyingine kwenye karatasi ya foili, akatuombea barabara njema, akarudi jikoni kwake bila kutusindikiza, ana kazi.

Dada alitufuata mpaka garini. Alisimama pale mikono ina unga, hajanawa.

"Kaka fundi. Mlipokuwa mnapakia vyombo, ameniuliza kitu. Ameniuliza msikiti wa karibu uko wapi, na kama kina mama wana darsa siku za katikati ya wiki. Ya kila wiki, akasema, si ya mara moja. Mara ile ya kwanza hakuuliza hata kibla ni wapi. Alisali akiangalia nilikoangalia mimi. Na mimi nilivyo na hizi shift, huo msikiti wenyewe siujui vizuri."

"Mimi naujua," nikamwambia, nikiwasha gari. "Pale pa kutawadhia wanawake, mawe yote niliweka mimi. Kaulize."